Hisa za Shaba: Rahisi kwa Bei Gani?

Aliye jikoni apunguze moto wa mboga, aliye kwenye foleni apandishe kidogo sauti ya redio, maana leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakiona kikipita barabarani bila hata kukitupia jicho. Nazungumzia shaba.

Wiki iliyopita nililetewa ujumbe na msikilizaji wetu wa Tunduma. Anasema duka lake liko kando ya barabara kuu, na kila siku anayaona malori yakivuka kutoka Zambia na Kongo yamebeba mabamba ya shaba, mabamba mekundu yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Ana mdogo wake anayeishi Toronto, kule Kanada, ambako kampuni nyingi za madini zimeandikishwa kwenye soko la hisa. Huyo mdogo mtu amempigia simu: kaka, kuna kampuni ya shaba hapa, hisa yake ni bei chee, inauzwa mara sita tu ya faida ya mwaka. Nitumie hela nikununulie kabla watu hawajashtuka. Sasa kaka ananiuliza: je, ni kweli hisa hiyo inauzwa chini ya thamani yake, au naingizwa mjini?

Kampuni yenyewe hakuitaja, na kwa mazungumzo ya leo ni heri hakuitaja. Tuanze na hiyo "mara sita".

Maana yake ni nini? Chukua bei ya kampuni nzima, yaani hisa zote kwa bei ya leo sokoni, ugawanye kwa faida yake ya mwaka. Ukipata sita, ni kama kusema: faida ikiendelea hivi hivi, miaka sita hela yangu imerudi. Ukisikia benki nzuri au kiwanda cha saruji kinauzwa kwa mara sita ya faida, unasogea karibu kukitazama, na huna kosa. Faida ya saruji ya mwaka jana na ya mwaka ujao kwa kawaida ni ndugu, wanafanana. Faida ya shaba ya mwaka huu na ya mwaka ujao zinaweza zisijuane kabisa.

Twende Ilula, mkoani Iringa, kwa wakulima wa nyanya. Mzee mmoja ana shamba zuri lenye kisima, na msimu huu amevuna matenga mia nne. Kila tenga limemgharimu shilingi elfu 15 mpaka kufika barabarani, naye ameliuza kwa elfu 30. Kwa kila tenga amebaki na elfu 15, jumla milioni 6. Anataka kuuza shamba kwa milioni 36. Mnunuzi kutoka Dar es Salaam anapiga hesabu: milioni 36 kwa faida ya milioni 6, mara sita! Anafungua pochi.

Msimu unaofuata nyanya zimejaa kila mahali na tenga limeshuka hadi elfu 20. Bei imepungua kwa theluthi moja tu. Lakini gharama haikupungua, bado ni elfu 15. Mnunuzi wetu anabaki na elfu 5 kwa tenga, jumla milioni 2. Shamba lilelile, kisima kilekile, mikono ileile, na ile "mara sita" imegeuka mara kumi na nane. Nani kamdanganya? Hakuna. Alihesabu faida ya msimu wa neema akadhani ndiyo faida ya shamba.

Mgodi wa shaba ndilo shamba hilo la nyanya. Kampuni haipangi bei ya bidhaa yake. Bei inatoka London, kwenye soko la metali lililoanza 1877, inatoka Shanghai, inatoka New York. Mkurugenzi wa mgodi anaamka asubuhi na kuikuta bei kwenye simu kama wewe na mimi tunavyokuta ya petroli. Na bei hiyo inaruka kwelikweli. Katikati ya 2008 tani moja ya shaba ilikaribia dola 9,000, na kabla Krismasi ya mwaka uleule haijapita ilikuwa imeanguka chini ya dola 3,000. Mwanzoni mwa 2011 ikavuka 10,000. Januari 2016 ikawa chini ya 4,500. Mei 2021, juu ya 10,000 tena.

Kwa hiyo, msikilizaji wangu wa Tunduma, mdogo wako akikuambia hisa ni rahisi, mwulize swali moja, na nitalirudia mpaka ulichoke: rahisi kwa bei gani ya shaba? Faida aliyoigawia ilipatikana shaba ikiwa dola ngapi kwa tani? Kama ilipatikana shaba ikiwa kileleni, hiyo sita si sita.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata watu waliosomea fedha. Kwenye kampuni za aina hii, hisa huonekana rahisi pale inapokuwa ghali, na huonekana ghali pale inapokuwa rahisi. Shaba ikiwa juu, faida inafura, ukigawa unapata tano au sita, na kila mtu anashangilia. Shaba ikiwa chini, faida imekauka, ukigawa unapata arobaini, au hakuna cha kugawia kwa sababu kampuni imepata hasara. Watu wanakimbia. Na mara nyingi ni wakati huo, wengine wakikimbia, ndipo hisa ile inapouzwa chini ya thamani yake. Nimesema mara nyingi, sikusema kila mara. Kilichopo katikati ya "mara nyingi" na "kila mara" kinaitwa deni, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Ipo kampuni ya Kimarekani iitwayo Freeport-McMoRan. Ni miongoni mwa wachimbaji wakubwa wa shaba duniani, na mgodi wake maarufu ni Grasberg, kule Papua, Indonesia. Wasikilizaji wetu wa Lubumbashi na Kolwezi wanaijua kwa njia nyingine. Mwaka 2007 ilinunua kampuni ya Phelps Dodge kwa takribani dola bilioni 26, na ndani ya kifurushi hicho kulikuwa na mradi wa Tenke Fungurume, pale njiani kati ya Likasi na Kolwezi. Ni eneo ambalo kati ya 1971 na 1997 mkoa wake mzima uliitwa Shaba, neno letu hili hili la Kiswahili.

Basi, mwaka 2013 Freeport ikafanya jambo ambalo mpaka leo sijapata wa kulitetea mbele yangu akaeleweka: ikanunua kampuni za mafuta na gesi. Mchimba shaba akaingia kwenye visima vya mafuta, kwa kukopa. Deni likapanda hadi karibu dola bilioni 20. Halafu mafuta yakaanguka, shaba nayo ikaanguka. Desemba 2015 kampuni ikasimamisha gawio. Januari 2016 hisa ambayo mwanzoni mwa 2011 ilipita dola 60 ilikuwa inauzwa chini ya dola 4.

Sikiliza vizuri hapo. Tangu 2011 hadi 2016 shaba ilishuka kwa zaidi kidogo ya nusu. Hisa ya Freeport ilishuka kwa zaidi ya tisa ya kumi. Tofauti hiyo imetoka wapi? Sehemu kubwa imetoka kwenye deni na visima vya mafuta.

Fikiria nyumba ya milioni 100 pale Mbezi, ambayo benki inadai milioni 60. Ya kwako ni milioni 40. Bei ya nyumba ikishuka kwa milioni 20, benki haipotezi hata senti. Zote 20 zinatoka kwenye 40 zako, umepoteza nusu. Mwenye hisa ndiye wa mwisho kwenye foleni ya sufuria, wenye deni wamekwisha kupakua. Ndiyo maana ile hesabu ya mdogo wako ina tundu la pili: amechukua bei ya hisa peke yake bila kuongeza deni. Anayenunua kampuni ananunua na madeni yake. Ongeza deni juu ya bei ya hisa, toa hela iliyoko benki, kisha ndiyo ugawe kwa faida ya kabla ya riba. Kuna "mara sita" nyingi ambazo ukizifanyia hivyo zinakuwa mara kumi papo hapo, hata kabla shaba haijatikisika.

Na je, aliyenunua Freeport kwa dola 4 mwaka 2016? Huyo alifaidi sana, tusifiche. Mwaka 2021 hisa ilivuka dola 40. Lakini njiani, Machi 2020, korona ilipoingia, ilishuka tena hadi kwenye dola 5 hivi. Miaka minne ya kusubiri, na yupo palepale alipoanza. Wangapi wetu tungevumilia? Kama ungenunua kwa hela ya ada ya mtoto, usingefika 2021.

Tena tazama jinsi kampuni ilivyonusurika. Iliuza vitu. Mwaka 2016 iliuza hisa zake za asilimia 56 katika Tenke Fungurume kwa kampuni ya Kichina, China Molybdenum, ambayo leo inaitwa CMOC, kwa dola bilioni 2.65. Mwaka 2020 ikawauzia wao hao na Kisanfu, jirani ya Tenke, kwa dola milioni 550. Mwaka 2024 CMOC ilitoa zaidi ya tani 600,000 za shaba kutoka maeneo hayo mawili. Kwa maoni yangu Wachina walinunua chini ya thamani, na waliweza kwa sababu muuzaji alikuwa na mdai mlangoni. Kwa hiyo ukiona kampuni imebanwa na deni wakati shaba iko chini, usihesabu migodi yake yote kama mali yako. Mmoja au miwili huenda ikauzwa kwa bei ya dharura kabla hujafaidi.

Nirudi Ilula kidogo, maana jirani wa yule mzee tulimsahau. Yeye hana kisima. Anavuta maji mbali kwa pampu ya petroli, na kila tenga linamgharimu elfu 25. Tenga likiuzwa elfu 30, anabaki na elfu 5. Likishuka hadi elfu 20, analia. Lakini likipanda hadi elfu 45? Mzee mwenye kisima faida yake inatoka elfu 15 hadi 30, imekuwa mara mbili. Jirani inatoka 5 hadi 20, imekuwa mara nne! Hapo ndipo penye uchawi wa migodi ya gharama kubwa: shaba ikipanda, hisa zao ndizo zinazoruka kuliko zote, na ndizo ambazo mtu wa simu atakusifia. Wanaozipenda wanacheza na bei ya shaba tu. Hakuna ubaya mtu akijua anacheza. Ubaya ni kudhani umenunua kitu cha bei nafuu, kumbe umenunua tiketi.

Sasa gharama utaijuaje? Kampuni hutangaza gharama ya kutoa ratili moja ya shaba. Ndiyo, ratili, ile ile waliyopimia babu zetu. Tani moja ina ratili kama 2,204. Takwimu hiyo inasaidia, ila isome ukiwa macho. Mara nyingi haina riba ya madeni ndani yake, haina kodi ya mapato, wala hela ya kununua malori mapya ya mgodini na kuondoa mawe yanayofunika mbale, yaani mwamba wenye madini. Halafu kwenye gharama hiyo wanatoa mapato ya madini mengine yanayotoka pamoja na shaba: dhahabu, kobalti, molibdenamu. Grasberg ina dhahabu nyingi kiasi kwamba kuna miaka gharama ya ratili ya shaba imeandikwa chini ya sifuri, kana kwamba wanalipwa ili wachimbe. Si uongo, lakini dhahabu ikishuka, gharama ya shaba "inapanda" bila mtu yeyote kushika sururu.

Tumefika kwenye jambo ambalo kwa sisi wa ukanda huu halihitaji mwalimu. Nani ameshika leseni, na anaweza kunyang'anywa?

Kampuni ya First Quantum ya Kanada ina migodi miwili mikubwa Zambia, Kansanshi pale Solwezi na Sentinel pale Kalumbila. Ilikuwa na mwingine Panama, Cobre Panamá, uliojengwa kwa zaidi ya dola bilioni 6, uliokuwa ukitoa kama asilimia moja na nusu ya shaba yote ya dunia na kubeba kama asilimia 5 ya uchumi wa nchi ile. Oktoba 2023 bunge la Panama likapitisha mkataba mpya wa mgodi. Wananchi wakaingia barabarani, wakazifunga wiki kadhaa. Tarehe 28 Novemba mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikatamka kwamba mkataba ule ni kinyume cha katiba. Mgodi ukafungwa. Hisa ya First Quantum ikapoteza zaidi ya nusu ya bei yake ndani ya wiki chache, na shaba yenyewe kule London haikushuka.

Wengi walisema ilikuwa radi kwenye anga safi. Hapana. Mahakama ileile ilikwisha kuitangaza sheria ya mkataba wa mwanzo kuwa kinyume cha katiba, miaka kadhaa nyuma. Na kampuni hiyo hiyo mwaka 2009 ilinyang'anywa na serikali ya Kongo mradi wa mchanga wa mabaki pale Kolwezi. Mwaka 2012, baada ya mvutano mrefu, yakafikiwa makubaliano ya kuilipa dola bilioni 1.25 kwa mali zake za Kongo. Aliyesoma hukumu, wala si jedwali la faida peke yake, alikuwa na cha kujiuliza mapema.

Na sisi wenyewe hatujasahau makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje. Machi 2017 makontena yalizuiliwa bandarini, na Acacia, kampuni ya dhahabu iliyokuwa imeandikishwa London, ikaona hisa yake ikiporomoka. Kila aliyekuwa akiihesabu kwa faida ya mwaka uliotangulia alikuwa anasema hisa ni rahisi. Iliendelea kuwa "rahisi" mpaka Septemba 2019, Barrick ilipowanunua wanahisa waliobaki na jina la Acacia likafutika. Sisemi serikali zina kosa kudai chao. Mimi ni Mtanzania, nalijua upande wangu. Nasema mnunuzi wa hisa asiweke thamani ya mgodi kana kwamba mwenye ardhi hayupo.

First Quantum baada ya kufungiwa ilifanya nini? Ilikuwa na madeni, na mgodi uliokuwa uyalipe umefungwa kufuli. Februari 2024 ikatoa hisa mpya za takribani dola bilioni 1, kwa dola 11 na senti 10 za Kanada kila moja. Hiyo tunaiita kuongeza maji kwenye uji. Kijiko chako ni kilekile, utamu umepungua. Kweli hisa hiyo kufikia 2025 ilikuwa imerudi juu ya dola 20 za Kanada, waliojitosa wakati wa giza walicheka. Ila waliocheka zaidi ni walionunua huo uji mpya. Wa zamani walikuwa bado wanahesabu maumivu.

Na mwamba wenyewe je? Hili nilipite haraka. Kakula, karibu na Kolwezi, ni miongoni mwa migodi yenye mbale tajiri kabisa kwa shaba hapa duniani, na Mei 2025 ardhi ilitetemeka, maji yakajaa chini, na kampuni inayouendesha ikapunguza makadirio yake ya mwaka. Utajiri wa mbale haukuzuia. Kisha kumbuka kwamba mgodi si kiwanja cha Kigamboni. Kila lori linalopita dukani kwako Tunduma limepunguza kitu ambacho hakitaota tena. Mgodi wenye miaka minane iliyobaki, ukiununua kwa mara sita ya faida ya mwaka mnono, umenunua nini hasa?

Ndugu yangu wa Tunduma, sasa nikujibu. Chukua daftari la mikopo ya dukani, ukurasa wa nyuma. Mwambie mdogo wako akusomee kutoka taarifa ya kampuni tani inazozalisha kwa mwaka, na gharama yake kamili kwa tani, yenye kodi na malori mapya ndani. Kisha piga hesabu ya faida kwenye safu tatu: shaba ikiwa kwenye bei ya leo, ikiwa imeshuka kwa robo, na ikiwa imeshuka kwa theluthi. Bei ya kampuni uiweke pamoja na deni lake. Kama hata kwenye safu ya tatu bado kuna kitu kinachobaki baada ya riba, na deni kubwa haliivi ndani ya miaka miwili mitatu, na mgodi una miaka ishirini mbele yake, na hakuna kesi ya leseni mahakamani, basi neno "chini ya thamani" lina haki ya kutamkwa, na mimi mwenyewe ningevuta kiti. Kama safu ya kwanza inang'aa na ya pili ni sifuri, hujaambiwa habari ya kampuni. Umeambiwa habari ya bei ya shaba, na hiyo hata dereva wa lori anaifahamu.

Mimi kwa nilivyousoma ujumbe wako, "mara sita" bila deni, bila gharama, bila jina la nchi mgodi ulipo, naona hela ikae kwanza. Mpigie mdogo wako kesho, mwulize lile swali. Akikujibu, niandikie kupitia anwani yetu ya kawaida, tutapiga hesabu pamoja hapa hapa hewani wiki ijayo, saa kama hii.